Asali ya Paa la Bunge

Jumatatu, 7 Agosti
Nimepata njia ya kumng'oa Gavana Stenerud. Uchaguzi ni mwakani, na kiti chake nakitaka mimi. Mama huyo anajulikana kila kona. Mimi, Wendell Opdahl, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo, niliyechaguliwa kwa kura kama yeye, hata muuza kahawa wa bungeni huniita Walter. Sasa, juu ya paa la bunge kuna mizinga ya nyuki. Mali ya jimbo. Na asali anaigawa Gavana, kwa tabasamu, kama imetoka shambani kwa mama yake. Nitaikagua. Naibu wangu, Darlene, kauliza kama nimewahi kuukaribia mzinga. Nimemjibu kwamba mkaguzi haogopi mali ya umma.

Jumanne, 8 Agosti
Nimewaita watu wa televisheni. Mke wangu, Marlys, kanisihi nivae wavu usoni. Nimemuuliza nani atampigia kura mtu asiyeonekana sura. Nimelala vizuri sana.

Jumatano, 9 Agosti
Nimefunua mzinga mbele ya kamera na kutangaza kwamba kila tone ni la mwananchi. Nyuki wakapinga. Nimeteremka ngazi bila kuziona. Aliyenidaka chini ni Gavana mwenyewe. Akanikalisha, akaanza kunitoa miiba kwa ukingo wa kadi.
"Tulia, Wendell, unarukaruka kama ndama."
Nikauliza kama kamera zinatupiga.
"Zote," akasema, akaendelea kunitoa miiba taratibu.

Alhamisi, 10 Agosti
Ukurasa wa kwanza: Gavana, mikono ya huruma. Pembeni yake, boga lenye tai. Ndiye mimi. Ukaguzi nao umekwisha. Asali yote huenda kwa ofisi za jimbo, kila chupa imetiwa sahihi na aliyeipokea, isipokuwa moja. Ni ya ofisi yangu. Niliila na mkate wakati wa Krismasi. Darlene anasema sheria ni sheria, lazima tuichapishe ripoti yote. Basi jina langu limo mara mbili: mkaguzi, na mkosaji.

Ijumaa, 11 Agosti
Jicho la kushoto limefunguka. Gavana katangaza kuniunga mkono nibaki mkaguzi miaka minne mingine. Eti jimbo linahitaji mtu anayejikagua mwenyewe. Marlys anasema ni sifa ya kweli, niipokee. Mimi naiona hofu. Mama yule ananiogopa. Nimekula pai ya tufaha kibarazani, vipande viwili, roho imetulia kabisa. Jumatatu nakagua farasi wake wa gwaride. Televisheni wamekubali kuja. Farasi hawaumi.