Kompyuta Iliyonitolea Ulimi Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika. Naandika huku nimejifungia chumbani. (Sebuleni bado wanacheka, nawasikia.)

Mama mkwe kaja jana kutoka Moshi. Ombi lake moja tu: aone CD ya harusi yetu, amsikie marehemu mzee, mumewe, akitoa nasaha. Mzee ana mwaka sasa tangu atutoke, na sauti yake haipo kwingine. Deki yetu ya CD ilishaungua zamani. Nikamwambia, "Mama, usijali, kompyuta ipo. Hizo ndizo kazi zangu." (Kazi yangu ni kuuza mapazia Kariakoo.)

Asubuhi nikaiandaa ile kompyuta yetu kuukuu. Nikafuta vumbi. Nikatoa kabatini kitambaa alichotufumia Mama mwenyewe, chenye shanga pembeni, nikakitandaza juu ya CPU. Kikaning'inia vizuri mpaka mbele. Aone tunakithamini.

Nikakinyanyua kidogo, nikaweka CD, nikabonyeza, nikakishusha. Trei ikaingia. Ikatoka. Nikairudisha. Krrr, ikaingia. Krrr, ikatoka. Mashine inanitolea ulimi mbele ya mkwe!

"Ni kirusi," nikasema, kwa sauti nzito kabisa.

"Kirusi cha wapi, Baba Neema?" Mama akauliza.

"Cha mtandaoni, Mama."

Mke wangu akadakia, "Si hatuna bando tangu wiki iliyopita?"

Nikainama kukagua waya.

Nikazima, nikawasha. Wapi! Nikapiga Windows upya kwa flashi, saa mbili nzima, nikafuta kila kitu. Wapi! Basi nikaikumbatia CPU, nikashuka nayo kutoka ghorofa ya nne (lifti ya hapa Mchafukoge ni pambo), kwa mguu mpaka kwa fundi mmoja Msimbazi. Akaweka CD. Ikaingia, ikatulia. Akajaribu mara tano.

"Kaka, mashine nzima hii."

"Nyumbani inagoma!"

"Basi nyumbani kwako kuna jambo."

Nikarudi. Ngazi zote zile tena. Nikaunganisha waya, nikarudisha kitambaa (adabu kwanza), nikabonyeza. Krrr. Ikatoka.

Hapo nikawahutubia. Nikawaeleza kwamba hiki kirusi ni cha hatari, kinaijua nyumba yake, mafundi wa kawaida hawakiwezi. Nilikuwa bado naongea Mama alipovaa miwani, akasogea, akainama.

"Baba Neema, mbona shanga zangu zimebanwa humu kwenye trei?"

Akakitoa kitambaa. Akakikunja, akakiweka mapajani. Akabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja. Trei ikaingia. Ikakaa.

Mungu wangu! Mke wangu akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi nikajifanya narekebisha sauti.

Mara mzee akatokea kwenye skrini, kashika kipaza sauti. Mama akaanza kulia hata kabla mzee hajaongea. Mzee akakohoa, akasema:

"Binti yangu namkabidhi kwa kijana huyu. Sina wasiwasi. Ameniambia yeye ni mtaalamu wa kompyuta."

Mama alicheka na machozi yake yaleyale, akajifutia kitambaa cha shanga. "Rudisha nyuma hapo, mtaalamu," akasema. Nimerudisha mara nne, ndipo nikakimbilia huku chumbani.

Nawaomba nyie msinicheke. Mama anacheka kwa niaba yenu wote, na tangu tumzike mzee sijawahi kumsikia akicheka hivi. Mapazia karibuni dukani. Kompyuta, nimestaafu leo.