Kabati la Unga

Jumatatu, 7 Machi 1966
Leo ni miezi miwili tangu Chelagat, mke wangu, arudi kwao Londiani. Alisema panya wamekula unga wake mara ya tatu na mimi bado nina mpango. Ni kweli nilikuwa na mpango. Nilileta paka. Paka akahamia kwa jirani!

Sasa baba mkwe ametuma habari. Jumapili atakuja Nakuru na Chelagat kuangalia jiko langu. Likimridhisha, mke wangu anabaki. Lisipomridhisha, nisikanyage tena Londiani.

Bahati haijanitupa. Nasikia nyumba ya mzungu aliyekuwa bwana wangu kule Mau Narok imeuzwa, na makabati ya chuma ya jikoni yametupwa nyuma ya ghala. Nayajua vizuri. Nilipika mbele yake miaka kumi na mmoja. Panya hatoboi chuma.

Jumatano, 9 Machi
Mau Narok. Baridi, matope. Nimemkuta Makokha, aliyekuwa dereva wa trekta pale, amekalia makabati yangu! Mwenye shamba mpya ametangaza kuwa atakayeyabeba ni yake. Makokha anataka kufugia kuku. Kuku!

Nikamvuta kando. Nikamwambia polepole kuwa mzungu aliweka humo sumu ya kuogeshea ng'ombe. Makokha ana moyo safi. Alishtuka, akanishukuru, kisha akanisaidia kuyabeba maili nzima hadi barabarani, akinisihi ninawe mikono. Niliona haya kidogo. Haya iliisha lori lilipofika.

Alhamisi, 10 Machi
Kwa Gurbachan, fundi anayepiga magari rangi karibu na reli. Aligonga chuma kwa kidole, akasema siku hizi hawatengenezi hivi. Akanipa msasa na mkebe wa rangi nyeupe. Akanionya nikwangue kutu yote, kisha milango ikae wazi wiki mbili harufu iishe. Alirudia mara tatu. Mara tatu nikaitikia.

Ijumaa, 11 Machi
Nimekwangua tangu asubuhi. Vidole vinatoka damu. Ndani ya mlango wa kabati la unga nimekuta mistari ya penseli. Mia moja na tisa. Ni yangu!

Siku hizo Chelagat alikuwa akileta maziwa kwenye mlango wa jikoni. Kila alipoondoka nilichora mstari mmoja ndani ya kabati, mzungu asione. Mstari wa mwisho ni wa siku aliyokubali kuolewa nami. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilimkumbuka mno.

Halafu nikawaza baba mkwe atadhani ni uchafu. Nimepaka rangi mara mbili. Haionekani hata alama. Safi kabisa!

Jumamosi, 12 Machi
Chelagat aliacha kibuyu kimoja. Jumatatu nilikisugua ndani kwa mkaa kama anavyofanya yeye, nikaweka maziwa. Mursik, maziwa ya mgando ya kwao, imeiva vizuri. Nimekifungia kwenye kabati jipya, panya wasikiguse. Gurbachan alisema milango ikae wazi. Lakini kabati lililo wazi lina kazi gani?

Jumapili, 13 Machi
Sijui nianzie wapi. Walifika saa tano. Baba mkwe alizunguka makabati, akayagonga, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Chelagat alitabasamu. Niliona! Nikammiminia mzee mursik.

Alikunywa funda moja, akaacha. Akauliza ni harufu gani hii. Kabla sijajibu, Makokha akaingia. Alikuwa amekuja kutoka Mau Narok kuniuliza kama sumu imenidhuru. Alipoona kibuyu ndani ya kabati alipiga kelele kuwa ni sumu, nyumba nzima ikasikia.

Mzee akamwaga maziwa nje. Maziwa! Sijawahi kumwona mtu wa Londiani akimwaga maziwa. Nikaapa kuwa hakuna sumu, ni rangi tu, ile ya sumu niliisema ili nipate makabati. Mzee akasema basi nichague, mimi ni mtu wa sumu au mtu wa uongo. Nilichelewa kuchagua. Makokha aliondoka bila kuniaga.

Chelagat alifungua kabati la unga, akapitisha mkono ndani ya mlango. Akauliza mistari yake iko wapi. Miaka yote hii nilidhani hajui. Nikamwambia nimeifunika vizuri, mara mbili. Alifunga mlango taratibu, akachukua kibuyu chake, wakaenda.

Nyumba imenyamaza. Hata panya siwasikii.

Jumatatu, 14 Machi
Nimeamka na akili mpya. Kosa liko wazi: Chelagat anataka mistari. Basi! Nimenunua penseli. Ilikuwa mia moja na tisa. Nimechora mia mbili, aone nilivyompenda zaidi. Akiuliza, nitamwambia rangi imetoka yenyewe.