Mistari ya Akesa Imenyooka Mno

Jumatatu, 6 Mei
Habari kubwa! Karakana ya mashua hapa Suva inataka mwanafunzi mmoja wa kuchora. Mmoja tu! Mtihani Ijumaa: kuchora kwa mkono mtupu, bila rula. Mama ameshatangaza kanisani kwamba nimechaguliwa. Sijachaguliwa. Kikwazo ni Akesa wa dawati la mbele. Mistari yake imenyooka mno. Binadamu hachori hivyo. Ana rula mahali.

Jumanne, 7 Mei
Nimemchunguza somo zima. Anatia nukta mbili, anaikodolea macho ile ya mwisho, kisha mkono wote unatembea kuanzia begani. Nikamuuliza siri yake. Akasema ndiyo hiyo: macho yatangulie, penseli itafuata. Mwenye siri husema hivyohivyo!

Jumatano, 8 Mei
Nimepekua mkoba wake. Mihogo ya kuchemsha tu. Mwalimu Vilikesa akanifuma. "Vilimoni, humo umepoteza nini?" Darasa likaangua kicheko. Akesa akanipa muhogo: "Kula, kaka, njaa haina aibu." Rushwa! Nimeukataa. Baadaye nimeula, ili kuuchunguza.

Alhamisi, 9 Mei
Dawa ya moto ni moto. Nimeshonea rula nyembamba ndani ya mkono wa shati. Nimejaribu nyumbani: mstari safi! Mama kauliza mbona naikumbatia meza.

Ijumaa, 10 Mei
Tuliambiwa tuchore ndoo: kwanza sanduku la kuikadiria, kisha ndoo ndani yake. Sanduku langu, maajabu! Kufika mdomo wa ndoo, mstari unatakiwa upinde. Rula haipindi. Nikalazimisha. Kwaa! Kipande kikarukia chai ya Mwalimu. Akakitoa kwa kijiko. "Pole, Vilimoni. Mfupa wako umedondoka." Nafasi kapata Akesa. Ndoo yake ungeichotea maji. Mama hatoki nje.

Jumamosi, 11 Mei
Akesa kaja nyumbani. Kasema karakana itachukua mwingine mwisho wa mwaka, na yeye atanifundisha bure kila jioni. Mama kamkumbatia, kalia. Akesa akaeleza kwamba ndoo ukiitazama kwa upande, mdomo wake hauwi duara, huwa kama yai lililolala. Kwa hiyo bikari haifai, nisihangaike nayo.

Kwa nini ataje bikari? Nani kamuuliza? Anaiogopa!

Nimeshainunua. Ndani ya nywele zangu haionekani kabisa.