Kaya ya Mtu Mmoja Asiyekufa

Ndugu Mkuu wa Idara ya Uchumi,

YAH: KUFUTWA KATIKA NYUMBA YANGU MWENYEWE ILI HESABU ZIWE RAHISI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ofisi yako inakwenda vizuri. Mimi ni mkunga wa wodi ya wazazi, na ni mke wa mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili, yule mrefu anayeuliza swali wakati wenzake wameshafunga mabegi. Niliwakabidhi mwalimu wa hesabu wa sekondari, mcheshi, anayejua kubembeleza mtoto na kufua nepi. Ninachorudishiwa kila jioni sikielewi. Nimevumilia, lakini sasa yamenifika shingoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu aanze kusoma uchumi jumla, mume wangu hashughulikii jambo mpaka mengine yote yasimame. Nikimwambia gesi imeisha, anajibu sawa, lakini kwanza tuchukulie mambo mengine yamebaki kama yalivyo. Ndugu yangu, katika nyumba yenye mapacha wanaotambaa hakuna kinachobaki kama kilivyo. Wakati yeye anachukulia, pacha mmoja alikuwa anatafuna kitabu chenu cha nadharia ya ukuaji, na sijaona mwingine nyumbani aliyekifurahia kiasi kile.

2. Zamani tulikuwa tunagombana kama watu. Siku hizi nikinuna, ananiambia kununa kwangu alikutarajia tangu wiki iliyopita, kwa hiyo kumeshaingizwa kwenye hesabu na hakuwezi kuleta athari yoyote. Nikajaribu kununa ghafla. Akafurahi, akatafuta kalamu, akasema huo sasa ndio mtikisiko wa uchumi, yaani jambo lisilotarajiwa na mtu. Mama yake alipotutembelea bila taarifa, akamwita mtikisiko wa kutoka nje, mama wa watu hata begi hajaliweka chini. Mama mkwe alinuna mpaka siku ya kuondoka, na mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kumweleza kwamba hakutukanwa.

3. Sinki la jikoni likiziba, haligusi. Anasema ukingilia kati unaharibu, mambo yaachwe, baada ya muda yatatulia yenyewe. Yalitulia kweli, maji yakiwa yamefika sebuleni.

4. Sasa nafika kwenye kilichonitoa machozi. Alinionyesha sura ya kwanza ya tasnifu yake, uso umemng'aa kama bwana harusi. Ndani yake kuna kaya moja inayowakilisha kaya zote nchini. Nikaisoma nikijitafuta. Kaya hiyo ina mtu mmoja! Haugui, hazai, hazeeki, hafi. Anajua yote yatakayotokea mpaka mwisho wa dunia, na kila siku anaamua peke yake afanye kazi kiasi gani na apumzike kiasi gani. Nikauliza mimi niko wapi. Akanijibu kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba, kwamba nimo humo humo ndani ya yule mtu, tumeunganishwa ili hesabu ziwe rahisi. Ndugu Mkuu wa Idara, mimi napokea binadamu wanapoingia duniani, ndiyo kazi yangu, na bado sijaona kaya iliyoanzishwa na mtu mmoja. Na huko kuchagua kupumzika, naomba achague siku mapacha wanaota meno, tumwone. Msimamizi wake ameandika pembeni: safi sana.

5. Chini ya ukurasa huo huo kuna sentensi fupi: tuchukulie kwamba wafanyakazi hawahami. Mimi nimeteuliwa kuongoza wodi ya wazazi katika mji mwingine, na natakiwa kuripoti Jumatatu. Nafasi hii nimeiota tangu nikiwa mwanafunzi wa kupiga deki chumba cha kujifungulia. Nitaanzia wapi kuomba kuhama, kama mume wangu ameshaandika kwamba watu hawahami na chuo kizima kimeafiki? Jibu lake nalijua. Najua atalisema kwa sauti gani, na najua atavua miwani akifika neno lipi. Kwa hiyo sikuona haja ya kumsumbua kwa kumuuliza.

Kwa heshima zote, naomba sentensi hiyo ifutwe kabla ya Jumatatu, na kaya yoyote isiyo na mke isipewe alama. Aidha, naomba yule mtu asiyekufa aletwe kwetu akae wiki moja. Zamu ya kuamka na watoto itakuwa yake, maana hachoki. Haya yakishindikana, nirudishieni mwalimu wangu wa hesabu, hata kama mmeshamchakaza.

Nisalimie wahadhiri wote, na katibu muhtasi wako anayepokea simu zangu bila kuchoka, na mlinzi wa getini. Msimamizi wa safi sana naye msalimie, ila kwa kifupi.

Wako niliyerahisishwa,
Mama Mapacha

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, mume wangu aliikuta barua hii mezani. Ameisoma yote akiwa amesimama, pacha mmoja kiunoni, na miwani hakuivua. Aliniuliza jambo moja tu: nani aliniambia atakataa? Nikarudi kutafuta bahasha. Akasema hongera, mke wangu, mbona umenificha jambo zuri hivi, tasnifu inaandikika popote palipo na meza. Sasa hivi ametoka kwenda dukani kuomba maboksi ya kufungia vyombo. Kwa hiyo tafadhali futa malalamiko yangu, isipokuwa namba tatu, maana sinki bado limeziba. Na yule mtu wa kwenye tasnifu, anayeamua peke yake na kujua yote yajayo, msihangaike kumleta. Yupo hapa nyumbani siku zote, na amevaa sare yangu ya ukunga.