Kamera ya Mlangoni na Kisogo cha Abu Munzir

Lakemba, Sydney
Jumanne, 9 Mei 2023, mwaka wa arobaini tangu nilipoondoka kwa wiki mbili

Kwa Bwana Wassim,
Msimamizi wa Duka la Vifungo na Nyuzi,
Soko la Ndani, Tripoli, Lebanoni.

Mheshimiwa Mtoto wa Marehemu Kaka Yangu,

YAH: KAMERA NNE ULIZOFUNGA DUKANI BILA KUNISIKILIZA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mama yako na umeme wa jenereta. Nakuandikia kwa mkono, kwenye karatasi, si kwa sababu simu imenishinda. Simu naijua kuliko unavyodhani, na ndiyo iliyoniletea malalamiko haya yote. Naandika kwa sababu kila ninapokutumia ujumbe unanijibu kwa picha ya dole gumba, nami nimefika umri wa kujibiwa kwa maneno. Barua ataibeba mtu anayesafiri keshokutwa, Alhamisi. Malalamiko ni haya:

1. Kuhusu uchaguzi. Mwezi wa pili ulinipigia ukasema, "Ami, boksi la vifungo vya gamba la chaza limeibwa. Nataka kuweka kamera. Nishauri." Nikakushauri. Nilisoma, nikauliza watu, nikakuandikia kurasa. Nilisema ujue kwanza unataka kuona nini, ndipo ununue. Nilisema kamera ya mlangoni isitazamane na jua la asubuhi. Nilisema utumie nyaya, maana kuta za soko letu ni nene hata sauti ya adhana hupenya kwa kusukumana. Zaidi ya yote nilisema uchague aina inayosikia na kusema, ili mtu aliye mbali aweze kumwambia mwizi, "Weka hicho chini, bwana." Ukanijibu kwa dole gumba. Kisha ukaenda kwa kijana mmoja wa Mina, kule bandarini, akakuuzia zinazosikia tu, zisizosema, kwa kuwa zilikuwa na punguzo. Tena nne! Mimi na baba yako tuliliendesha duka hili kwa kufuli moja, na ufunguo wake wa akiba ulining'inia kwa jirani. Wassim, sisi tunauza vifungo. Mwizi akisomba duka zima usiku mmoja, atahitaji maisha mawili na jeshi la mafundi nguo ili afaidike.

2. Kuhusu umeme. Kamera zako zinafanya kazi jenereta ya mtaa inapowaka. Mwenye jenereta huizima kabla ya adhuhuri na kuiwasha alasiri, na kila mtu sokoni analijua hilo, akiwemo mwizi, kwa kuwa ratiba imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Kwa hiyo kamera zinalilinda duka wakati limejaa watu, na zinalala wakati nawe umelala. Nilikushauri ununue betri. Uliinunua, nikafurahi. Kisha kamera namba mbili, muda mfupi kabla ya kuzimika, ikanionyesha ukiichomekea feni.

3. Kuhusu king'ora. Kila kitu kinapopita mlangoni, simu yangu hulia na kuandika, "Mtu ameonekana." Mtu huyo kwa kawaida ni paka. Kama ujuavyo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huwa nimelala hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, mkono mmoja umefungwa mirija, siwezi kujigeuza. Simu ikilia, wodi nzima inashtuka. Mara ya kwanza nesi wangu, mwanamke wa Kifilipino mwenye moyo mwema, alikuja mbio, "Babu! Kuna moto?" Nikamwambia, "Hapana, mwanangu, ni paka." Sasa wote wanamjua. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee wa Kigiriki, nikifika huniuliza kwanza kama paka amepita, halafu ndipo hunisalimu. Kwa kipengele hiki siombi marekebisho. Nakiweka kwa ajili ya kumbukumbu.

4. Kamera namba tatu inalitazama kochi unalovutia shisha. Nimeona. Namba nne inaitazama namba tatu. Sikuelewa, na sitauliza.

5. Kuhusu kamera namba moja, na hapa naomba uache kutafuna unachotafuna.

Kamera hii umeifunga juu ya mlango, ikatazama nje, ng'ambo ya kichochoro, moja kwa moja ndani ya karakana ya Abu Munzir, fundi cherehani. Wewe umekulia Beirut, ukafanya kazi benki mpaka benki ikafunga milango na pesa za watu zikiwa ndani, ndipo ukaja dukani baba yako alipofariki. Huenda hakuna aliyekueleza. Basi nitakueleza mimi.

Kiti cha Abu Munzir kilikuwa kinautazama mlango wetu kabla baba yako hajaota ndevu. Baba yako alipokwenda kuswali, au kula, au kulala kidogo baada ya kula, hakufunga duka. Alilaza kiti kizingitini, akaita, "Abu Munzir, duka liko kwako!" Naye akajibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani, "Juu ya macho yangu." Basi. Mteja akija, Abu Munzir huvuka kichochoro, humuuzia, hutia pesa kwenye droo yetu, hurudi kwenye kazi yake. Hasemi wala haulizwi. Siku niliyoondoka, risasi zikilia upande wa bandarini, nami nina begi moja, nilimwambia maneno hayo hayo, akanijibu hayo hayo.

Tangu siku hiyo sijauona uso wake. Simu haipokei. Anasema sauti isiyo na uso ni ya majini, na picha isiyosema ni ya marehemu, na yeye hashughuliki na yeyote kati ya hao wawili. Kwa hiyo uliponiwekea hizo kamera kwenye simu, nilisahau hasira yangu yote ya kipengele cha kwanza. Nilioga. Nilivaa shati. Saa kumi jioni ya huku, ambayo ni asubuhi ya soko, niliketi mezani nikafungua kamera namba moja ili nimwone rafiki yangu.

Nikaona kisogo.

Alikuwa amegeuza kiti. Tangu siku ulipofunga kamera ameligeuzia duka letu mgongo, na tangu siku hiyo mimi natazama kisogo. Kila jioni. Nakijua sasa kama nijuavyo njia ya kwenda msikitini. Kinyozi wake humkata vibaya upande wa kushoto. Kola ya shati la kijivu imegeuzwa ikashonwa upya, kazi nzuri, bila shaka yake mwenyewe. Akikasirika, masikio husogea. Lakini kisogo ni kisogo, Wassim. Hakikuulizi habari za watoto.

6. Kuhusu sababu. Kamera zako zinasikia, nami nimesikia. Juzi Zakwan, yule muuza kahawa, alisimama na sinia lake akamwuliza, "Abu Munzir, mbona umewapa watu mgongo? Umekuwa bibi harusi aliyenuna?"

"Mgongo ndio stahili yao," akasema. "Lile duka nimelilinda kwa macho haya tangu babu yake yule mtoto yuko hai. Leo ananing'inizia kidude ukutani kinilinde mimi! Mimi, Zakwan!"

"Pengine ni kwa ajili ya wezi, mzee. Si waliiba boksi?"

"Boksi gani limeibwa? Boksi niliuza mimi! Alikuja mama na binti yake anayeolewa, wanataka vifungo vya gauni, na yule mtoto kaenda kula chakula cha mchana kama mtu anayeaga dunia. Nikavuka, nikauza, pesa nikatia kwenye droo kama siku zote. Akarudi akaona boksi halipo, akapiga yowe la mwizi. Sasa zile pesa zilizozidi kwenye droo, alifikiri zimetagwa?"

Zakwan alicheka mpaka vikombe vikagongana kwenye sinia. Masikio ya Abu Munzir yalisogea. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba siku ile ile uliyonipigia kuhusu wizi, ulimalizia kwa kusema, "Lakini ami, hatukosi la kushukuru, leo mauzo yamekuwa mazuri ajabu." Ulizishika habari zote mbili mkononi, ukanisomea moja baada ya nyingine, na hukuzikutanisha. Nami pia sikuzikutanisha, lakini mimi sikusomea benki. Kuhusu benki sisemi zaidi. Nchi nzima imeshasema.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza nilitaka kuomba kamera namba moja uielekeze chini, iangalie kizingiti chetu tu, jirani apumzike. Lakini hapo hata kisogo sitakiona. Nikafikiri ni haki basi Abu Munzir naye apewe kamera yake, iutazame mlango wetu, aendelee kutulinda kwa heshima yake, na kioo cha kuonyesha picha zake kiwekwe mezani pake karibu na cherehani. Ila yeye hamwamini asiyemwona. Itabidi kamera nyingine iwekwe huku sebuleni kwangu, ili anione ninavyomwona. Binti yangu amekataa kupita na nguo za kufua mbele ya soko zima, kwa hiyo tutahitaji ya pili ukumbini, imwonye soko linapotazama. Siku za hospitali nitahitaji ya tatu juu ya kitanda. Nesi hana pingamizi, na mzee wa Kigiriki ameomba aonekane. Paka naye, kwa idadi ya mara anazopita, anastahili yake. Zote hizo zitataka jenereta yetu wenyewe, na jenereta itaibwa isipowekewa kamera.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikanywa chai, nikafikia uamuzi ulio rahisi zaidi. Ziondoe zote. Zote nne. Mrudishie kijana wa Mina, naye akupe punguzo lake. Kisha nunua sinia la halawa ya jibini, kwenye duka zuri, si lile lililo karibu na kwako. Vuka kichochoro. Mwombe radhi mbele ya watu, maana ulimshuku mbele ya watu. Rudi, laza kiti kizingitini, na uite kwa sauti ambayo soko litasikia, "Abu Munzir, duka liko kwako!" Halafu nenda ukale, na safari hii ukae huko kadiri upendavyo.

Nitarudi kutokuona chochote, kama nilivyokuwa miaka yote. Nimezoea. Heri nisimwone yeye, kuliko yeye asitake kutuona sisi.

Salamu zangu kwa mama yako, na umwambie dawa ya magoti nimeipokea na haifanyi kazi, ila naimeza kwa sababu ameituma yeye. Msalimie Zakwan. Msalimie mwenye jenereta, nusu salamu, kwa kuwa naye hutupa nusu siku. Paka anasalimiwa na wodi nzima.

Ni mimi ami yako, mwenye nusu ya duka na, hadi juzi, nusu ya habari,

Burhan, Abu Lutfi

N.B. Jumatano, hospitali. Naandika kwa mkono ulio huru, usishangae mwandiko.

Simu imelia. Nesi akasema kutoka mlangoni, "Babu, paka wako." Nikaitazama. Hakuwa paka.

Alikuwa Abu Munzir, amepanda juu ya kiti chake, soksi mkononi, amekuja kuifunika kamera. Zakwan akaja mbio mpaka chini ya kiti, sinia linayumba. "Usiifunike, mzee! Wassim kaniambia ndani ya hiyo yumo Abu Lutfi! Anatutazama kutoka Australia!"

Abu Munzir alishusha soksi. Kisha uso wake ukasogea mpaka ukajaa simu yote. Meno mengi hayapo. Nyusi ziko vile vile. Alipulizia kioo, akakifuta kwa ile soksi, akasogea tena. "Burhan?" akasema. "Khe! Umezeeka, wee." Kana kwamba ni yeye aliyekuwa ananiona.

Akashuka. Akageuza kiti. Akachukua vikombe viwili kwa Zakwan, kimoja akakiweka juu ya kizingiti chetu, akaanza kuongea. Ameniambia aliyekufa, aliyeoa, aliyeoa tena. Ameniambia sindano za siku hizi zinapinda zikitazamwa tu. Kuhusu wewe amesema, "Mtoto si mbaya. Hajafundishwa tu." Nesi na mzee wa Kigiriki walikuwa wamekaa kando yangu wakisikiliza lugha wasiyoijua, na hakuna aliyeondoka. Hatimaye akainua uso, akaniuliza, "Sasa utarudi lini, bwana? Wiki mbili zako zimekuwa ndefu." Akangoja jibu. Aliingoja kamera inayosikia na isiyosema, kikombe changu kikipoa pale chini, mpaka jenereta ikazimwa.

Kwa hiyo futa yote niliyoyaandika hapo juu. Kamera namba moja usiiondoe. Usiiguse, ila isogeze kidogo kushoto, kikombe kionekane chote. Hizo nyingine tatu fanya utakavyo.

Halawa nunua vile vile, na radhi omba vile vile. Na kwa kuwa ulichagua isiyosema, itabidi useme wewe. Vuka siku hiyo hiyo utakayopata barua hii, usimwache akiendelea kungoja. Mwambie namwona. Mwambie kahawa nimeinywa. Mwambie madaktari wamekataa, na mashine hii haibebeki kwenye ndege, na duka liko kwake.

Mwambie sitarudi.