Vita vya Kwapani: Habari za Bakhtawara na Damu ya Spogmai

Jongeeni, enyi wenye masikio na subira, niwasimulie vita vilivyopiganwa Peshawari, katika maabara ya hospitali, ghorofa ya tatu, katika uwanja usiozidi unene wa unywele. Na aliyevipigana ni Bakhtawara binti Sharbat, Mpimaji wa Damu, Malkia wa Hadubini, Mwenye Koti Lenye Doa la Chai.

Spogmai, msichana wa miaka kumi na tisa, alirithi ugonjwa wa ukoo wao: moyo upande wa kulia, na vinyweleo vya mapafu visivyotikisika. Kukohoa alishazoea, alichotaka ni kusomea uuguzi. Lakini Profesa Zarghun, Simba wa Semina, Baba wa Makala Arobaini, alikuwa tayari kuandika kwenye faili lake kwamba hata chembe nyeupe za damu yake, wale askari wa mwili, ni viwete. Chuo hakingempokea mwenye faili la namna hiyo.

"Wagonjwa sita kabla yake, hakuna chembe iliyotambaa!" alinguruma Profesa. "Zangu, mashallah, zinakwenda mbio kama farasi wa babu yangu!" Maana damu ya mtu mwenye afya, ya kulinganishia, ilikuwa yake mwenyewe, na ilifika mezani ingali ya moto.

Damu za wagonjwa zilipanda kutoka wodini ndani ya ndoo ya barafu, saa mbili nzima, kwa kuwa tangazo la ukutani liliamuru hivyo tangu enzi za mkuu wa maabara aliyekwisha kufa. Bakhtawara aliitazama ile ndoo, akachukizwa. Hata yeye mwenyewe, asubuhi za baridi ya Januari, hatambai.

Ndipo shujaa akashuka ngazi sabini na mbili, lifti ikiwa imekufa, akaipokea chupa ya Spogmai, akaitia kwapani chini ya shali.

"Dada, unaifanya nini damu yangu?" akauliza Spogmai, akikohoa.

"Naiatamia."

"Itatotoa?"

"Ikitotoa, utakuwa nesi. Na usinichekeshe, nitaiangusha."

Akapanda na kwapa lake lililobana. Na ile chupa ya damu ya Profesa, iliyojazwa asubuhi, alikuwa ameshaizamisha barafuni kwa saa mbili, kama tangazo lilivyoamuru.

Majeshi mawili yakapangwa juu ya karatasi ya unene wa unywele, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, chambo kikawekwa chini, yakapewa saa moja ya kuvuka. Shujaa akainama kwenye hadubini. Jeshi la Spogmai, lo, lilikuwa limevuka kundi kwa kundi! La Profesa lilikuwa limejikunyata palepale lilipowekwa.

"Umechanganya chupa, wewe!"

"Sijachanganya, Profesa sahibu, bahari ya elimu, nguzo ya jengo hili lisilo na lifti. Leo yako ndiyo iliyolala kwenye barafu. Sasa niambie, kwenye faili lako niandike viwete?"

Profesa akachungulia, akachungulia tena. Masikio yakamwiva.

"Andika zake zinatambaa," akasema. "Na hilo tangazo libandue."

"Na wale sita?"

"Makala nimeshaituma."

Bakhtawara alilibandua tangazo kwa hasira, likatoka na rangi ya ukuta, kisha akaandika nyuma ya karatasi hiyo majina ya wale wagonjwa sita, waitwe wapimwe upya.

Ikumbukeni basi siku hiyo, enyi vizazi vijavyo. Chembe zilivuka unene wa unywele; na Spogmai, faili kifuani, akavuka barabara kwenda chuoni, akikohoa njia nzima.