Utumbo Kuhamia Kooni Bila Sisi Kuarifiwa

Lufingo, Tukuyu

Ndugu Daktari wa Upasuaji,

Pokea heshima zangu. Mimi ni baba mkwe wa Tusekile, yule mliyemtoa uvimbe kooni, kisha mkamkata kipande cha utumbo wake mwenyewe na kumshonea koo jipya. Najua huu ni wakati wa soko huria. Viazi vya Isongole vinakwenda Dar es Salaam, na mashati waliyovaa Wazungu yanakuja Tukuyu. Lakini kwamba utumbo nao umeruhusiwa kuhama, hatukutangaziwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Tusekile alikuwa haendi kisimani bila kuimba, nami nikimsikia nakata njia nyingine. Ndivyo tulivyoheshimiana tangu aolewe. Tangu arudi kutoka kwenu, kimya; sauti ya kuimba haijarudi. Juzi tumekutana konani, na mimi, mzee wa kanisa, nikarukia kwenye shamba la chai mbele ya wachumaji. Kofia sijaiona hadi leo.

2. Akila, koo linanguruma. Mwanangu Asajile, mumewe, anasema mlimweleza kuwa utumbo haujasahau kazi yake ya zamani. Basi mngeufundisha kazi mpya kabla ya kuuhamisha.

3. Desturi hainiruhusu kumpa pole wala kumuuliza kama bado anaumwa. Wimbo wake ndio uliokuwa ukiniambia kwamba yu mzima. Sasa nakaa ndani nasikiliza, sisikii kitu, na chakula hakinipiti. Koo langu mimi halina ugonjwa.

Kwa hiyo naomba mrudishe utumbo tumboni, na koo la zamani mahali pake. Kama mmeshalitupa, mfungeni kengele, ndogo, ya heshima.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule aliyempa Asajile blanketi alipokuwa akilala kwenye benchi.

Ni mimi mwenye kulalamika,
Ambindwile

N.B. Nilikuwa nafunga barua hii, mtu akaanza kuimba migombani. Sauti nzito, ya majimaji, kama anaimba huku anakunywa uji. Nilimjua kabla hajamaliza ubeti. Nikatoka nikate njia nyingine, sikufika mbali. Nilikaa nyuma ya mgomba mpaka wimbo ukaisha, nikalia. Kengele sitaki tena. Huo utumbo uacheni hapo hapo ulipo. Barua naituma kwa sababu ya zile salamu.